Kikombe Chekundu Msumarini

Jumatatu, 12 Mei 2025

Tumbo tena. Hapa juu, chini ya kifua, kama mtu kaweka kaa la moto akasahau kuliondoa. Nikila linatulia. Nikikaa na njaa linaamka. Asubuhi yote nimepima mpunga wa watu nikiwa nimejikunja juu ya mizani. Hamdani, anayeendesha mashine yangu ya kukoboa tangu tuifunge hapa Bugarama, akapiga kelele kuishinda injini: "Maman Patricie, ukiinama zaidi utajipima mwenyewe!" Wabeba magunia wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Nafikiri ni ini. Mtu mwenye homa ya ini ya B, kila kitu kwake ni ini. Hata kidole kikiuma. Kidonge changu cha virusi nameza kila jioni, sijawahi kuruka. Kipimo cha mwisho kilisema virusi havionekani. Sasa hiki ni nini?

Mama alianza hivi — hapana. Mama alikufa Bukavu, kabla hatujarudi huku, tumbo limevimba kama ngoma. Familia ikasema sumu. Ikasema mpaka jina la aliyempa: Nabintu, jirani, muuza samaki. Ini halikutajwa na mtu.

Posa ya Umuhire, binti yangu wa pekee, ni Jumamosi tarehe 14 Juni, kwa kaka yangu Anastase, Nkanka. Baba yake Umuhire alishafariki, kwa hiyo Anastase ndiye atakayepokea wageni. Lazima niwe mzima siku hiyo. Na lazima nikae mbele, na wazazi. Hili la pili naliandika kwa sababu bado halijaamuliwa.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nimepanda Kamembe, hospitali. Kliniki ya ini yuko Byiringiro, muuguzi anayenifuata miaka yote. Mtu wa maneno machache, lakini maswali yake yanachoma.

"Maman, tumbo inauma wapi?" Nikamwonyesha. Akasema ini haliungui hivyo. Pengine ni bakteria ya tumboni, ile wanayoita Helicobacter. Wengi wanayo, hawajui.

Nikasema basi tupime leo, choo cha kupimwa nimekuja nacho. Nimejiandaa.

"Kuna dawa ya tumbo unakunywa?"

"Omeprazole tu. Ya famasi."

"Tangu lini?"

Tangu Pasaka. Akaweka kalamu chini. Akanieleza: hiyo dawa inaifanya bakteria ijifiche, na kipimo kitasema hakuna kitu wakati ipo. "Umeficha mwizi mu nyumba, sasa unaita polisi baje kutafuta." Nikacheka kwa hasira. Niache vidonge wiki mbili, ndipo nirudi.

Wiki mbili bila dawa! Na nimerudi na choo changu kwenye mfuko, kwa moto, pikipiki ya abiria, mpaka stendi, kama bidhaa iliyokataliwa sokoni.

Jumapili, 18 Mei 2025

Nkanka, kikao cha posa.

Nikae chini kabisa niandike kuhusu kikombe. Kiko kwenye msumari, pembeni ya mlango wa jikoni kwa Anastase. Chekundu, cha plastiki. Ni changu. Nilipopimwa nikakutwa na B, nilikwenda mwenyewe kuwaambia, ili nao wapimwe. Tumezaliwa tumbo moja. Hakuna aliyepimwa. Siku iliyofuata msumari ukapigwa.

Nimewaeleza mara nyingi. Inapita kwenye damu, kwenye ndoa, kwa mama anapozaa. Haipiti kwenye kikombe. Uwimbabazi, mke wa Anastase, husikiliza vizuri sana, anatikisa kichwa, anasema: "Tunajua, wifi. Ni usafi tu." Kisha ananiletea chai kwenye kikombe chekundu.

Na pombe ya ndizi ikitoka, kibuyu kinazunguka na mrija wake mmoja, mdomo kwa mdomo, kama tulivyolelewa. Watu wa afya walikataza, lakini nyumbani nani anakataza. Mrija unafika kwa jirani yangu wa kulia, halafu kwa jirani yangu wa kushoto. Unanipita kama boti la Bukavu linavyopita kisiwa. Hata sinywi pombe! Ningegusisha mdomo tu na kuupitisha. Sipewi hata hilo la kupitisha.

Leo wameamua: siku ya posa nitakaa ndani, na wapishi. Uwimbabazi alilisema kwa upole, kwamba bwana harusi ni wa watu wa kiwanda cha sementi, wana macho. "Baone kikombe mbalimbali, bataanza kuuliza. Sisi hatutaki maswali, Maman Umuhire." Mabati ya nyumba tuliyokaa chini yake yametoka kwenye mchele wangu. Niliyaangalia muda mrefu.

Anastase alikuwa anakoroga bikarbonati kwenye maji, akanywa, akaweka mkono hapa juu, chini ya kifua. Mahali pangu kabisa.

Wao ndio wenye macho.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Ipo.

Byiringiro alisoma karatasi, akanigeuzia niisome mwenyewe. Anajua napenda kusoma mwenyewe.

Nikamwuliza swali moja tu: hii ya tumbo inafanya nini kwa mtu mwenye ile ya ini? Akasema, wanaochunguza wanaona kwamba wenye zote mbili, maini yao yanakutwa yamechakaa zaidi. Lakini ni bakteria inayochakaza, au ni ini bovu linaloikaribisha, bado wanabishana. Yeye hajui. Nilipenda hapo. Mtu anayesema sijui, naweza kufanya naye biashara.

Kinachojulikana ni hiki. Bakteria inachimba kidonda tumboni. Kidonda kinatoka damu. Ini zima ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Ini lililokauka haliwezi. Nikamwambia: yaani bakteria inatoboa gunia, na ini halina uzi wa kushona. Akasema atatumia hiyo kwa wagonjwa wengine.

Mimi ini langu bado lina uzi. Nitapona, alisema, ila nifuate. Dawa za wiki mbili, asubuhi na jioni. Pombe hapana, hata tone. Na kidonge cha virusi nisikiache hata siku moja. Kuna watu wakipewa dawa nyingi wanaacha hicho ili "kupumzisha ini", na hapo virusi vinaamka kwa fujo.

Nikauliza nimeipata wapi. Kwa kawaida ni utotoni, akasema. Nyumbani. Maji, mikono, sahani moja, mdomo wa mama anayetafuna na kumpa mtoto. "Wale mulikula nabo mukiwa batoto, kama tumbo inabauma, baje nabo."

Nimefikiria hayo njia yote ya kushuka Bugarama. Ile ya ini tuliipata kwa Mama, inaelekea. Hii ya tumbo tuliipata kwenye chungu kimoja. Kikombe kimekaa msumarini kikilinda mlango ambao wezi wote wawili walikwisha kuupita zamani, sisi tukiwa hatujaota meno.

Jumanne, 3 Juni 2025

Mdomo una ladha ya msumari uliolambwa. Chakula chote ladha hiyo. Hamdani ameniletea chai ya tangawizi kutoka kwa mke wake, akasema Waislamu hawana mrija, wana birika, kila mtu na kikombe chake, na hakuna anayenuna. Nikamwambia arudi kwenye mashine.

Mpunga wa leo mbichi. Kwa macho mzuri, ukiingia kwenye kinu unavunjika wote chenga. Nimeurudisha kwa wenyewe wakauanike.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Anastase amekuja kiwandani. Hajawahi kuja.

Alisimama mlangoni na koti lake la kanisani, katika joto hili la Bugarama. Amekonda. Wabeba magunia wakamwita Mzee, wakampa kiti. Hakukaa. Akasema tuongee kule nyuma, kwenye pumba.

Choo chake ni cheusi. Kama lami, alisema. Anasikia kizunguzungu. Alidhani ni vidonge vya kuongeza damu alivyonunua, lakini vilikwisha na choo bado ni cheusi. Uwimbabazi hajui.

Alisema tu: "Ule muuguzi yako, anapokea bantu siku gani?"

Nilikuwa na maneno tayari. Yana miaka, yamekauka vizuri, yangekoboleka bila kuvunjika hata moja. Nikamwambia Hamdani afunge mahesabu ya siku, nikaita gari. Si moto, gari. Choo cheusi ni damu ya ndani; mtu wa hivyo hapandi moto.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wamemlaza, wamemwongezea damu, wamemruhusu leo kwa masharti. Yote yamejulikana.

B anayo. Ya muda mrefu. Ini limekauka upande, picha ya ekografi imeonyesha. Bakteria ya tumbo anayo pia. Anatakiwa apelekwe hospitali kubwa ya Butare wakamwangalie tumbo kwa kamera, haraka. Byiringiro alimweleza ile ya gunia na uzi. Hakusema ni yangu.

Anastase amekubali Butare — Jumatatu ijayo. Baada ya posa. Daktari akakasirika, Byiringiro akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Namjua kaka yangu. Ametia sahihi na amerudi nyumbani na mfuko wa dawa. Pombe asiguse: daktari alirudia mpaka akachoka. Kidonda kikipasuka tena na ini lile, pengine gari halitafika Kamembe.

Nje, chini ya ubao wa saa za kuona wagonjwa, akasema: "Basi Mama hakulishwa sumu."

Nikasema hapana.

"Na yule maman Nabintu?"

Nikamwambia bado yuko, anauza samaki palepale. Hatukumsalimia mpaka tukahama mji.

Akavaa kofia, akavua, akavaa. Halafu akaniomba nisimwambie mtu mpaka wageni waondoke. Nikamwambia mkeo lazima ajue, apimwe, achanjwe kama hana. Kwenye ndoa inapita, kwenye kikombe haipiti. Nilirudia hilo la kikombe, ndiyo. Mara moja tu. Akasema atamwambia mwenyewe. Baada ya posa.

Kila kitu kwake ni baada ya posa.

Jumatano, 11 Juni 2025

Tatizo liko wazi, nimeligeuza pande zote.

Mwenye nyumba huonja kwanza. Mgeni hanywi kabla ya kumwona mwenyeji akivuta mrija na kumeza, ajue hakuna sumu. Na tangu Mama, Anastase ndiye mwonjaji mkubwa kuliko wote. Anavuta kwa muda mrefu, anajifuta mdomo, anasema kwa sauti: "Kwangu hakuna sumu." Nkanka nzima inamjua kwa hilo. Asipoonja Jumamosi, watu wa sementi watafikiri nini? Na akionja, je?

Nilimwambia aguse mdomo tu, asivute. Akakataa. Hawezi kudanganya kwenye mrija.

Sawa. Basi kibuyu kiwe na juisi ya ndizi, ile iliyokamuliwa mpya, haijachachuka. Wokovu umejaa kila mahali, siku hizi posa nyingi ni juisi na hakuna anayeuliza. Rangi ni ileile. Anavuta, anameza, anasema maneno yake, amekwisha. Na kila mgeni apewe mrija wake, nimeagiza mirija fungu zima. Bakteria isitembee zaidi ya ilivyotembea.

Anastase amekubali. Nikapiga simu kwa Uwimbabazi, nikasema ni kwa ajili ya wachungaji watakaokuja. "Wifi, tunaposwa na bantu ba sementi, nitabapa juisi ya ubatizo?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa.

Amesema sawa haraka mno. Kwenye biashara, mtu akikubali bei yako ya kwanza, rudi ukahesabu magunia.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Juisi nimekamulisha kwa watu ninaowaamini, imeingia kwenye dumu la njano, imepanda Nkanka na Umuhire. Yeye amefurahi tu, anajaribu nguo, hajui kitu. Vizuri.

Tumbo langu kimya tangu juzi. Nimekula ugali mzima.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naandika nikiwa juu ya gunia la makaa, stoo ya kwa Anastase. Nimesema nakuja kumeza dawa. Dawa nimemeza.

Kwa mpangilio.

Asubuhi wageni walifika, wamevaa vizuri, msemaji wao mtu wa utani. Mimi nikaelekea jikoni kama ilivyoamuliwa. Anastase akaniita mbele ya wote: "Patricie, kuya hapa." Akaonyesha kiti cha kulia kwake. Uwimbabazi alikuwa anapita na sinia. Alisimama, sinia likainama, soda moja ikaanguka. Nikaenda nikakaa. Kitambaa changu cha mushanana, vazi la sherehe, nilikipanga vizuri begani. Sikumtazama mtu. Umuhire alinitazama kutoka dirishani.

Maneno yakaenda. Msemaji wao: wamekuja kuomba mbegu ya mpunga, wamesikia hapa ipo isiyo na mawe. Msemaji wetu: mbegu hiyo ina mama anayepima unyevu kwa jino, hawamwezi. Kicheko. Ng'ombe wakatajwa, wakasifiwa, wakakubaliwa.

Kisha kibuyu.

Kilipofika mbele yetu nikasikia harufu. Juisi haina harufu ile. Povu lilikuwa limepanda mpaka shingoni, pombe kamili, ya siku tatu au zaidi. Na mrija mmoja. Mirija yangu sijui iko wapi. Nikamtafuta Uwimbabazi kwa macho: amesimama mlangoni, mikono imefungwa tumboni, amesimama kama mtu aliyeokoa heshima ya nyumba. Hajui. Hakuna aliyemwambia. Kwa hesabu yake amefanya sawa.

Anastase naye alisikia harufu. Alishika mrija. Watu wakanyamaza kungoja yale maneno yake. Msemaji wao akatania: "Mzee anaogopa kitu yake mwenyewe?" Wakacheka. Anastase hakucheka. Jasho hapa, kwenye paji. Mrija ulikuwa nusu njia.

Mimi nikanyoosha mkono, nikaushika mrija chini ya mkono wake. Mbele ya wote. Miaka yote hiyo sijaugusa. Sikuuvuta kwangu, sikuusukuma kwake. Tulikaa hivyo, watu wawili na mrija mmoja, na wageni wakafikiri ni sehemu ya mila yetu, wakapiga makofi!

Hapo ndipo nikasema dawa, nikainuka. Ilikuwa njia ya kumpa nafasi. Au ya kujipa.

Dumu la njano liko hapa, nyuma ya makaa, limefunikwa gunia. Lilikuwa halijafunguliwa. Nimelifungua, nimeonja: tamu, salama.

Uwimbabazi ameingia sasa hivi. Amesimama kwenye mwanga wa mlango. Anasema Anastase ameweka mrija chini. Kisha amemnong'oneza yeye sikioni, ameomba aletewe kikombe.

"Nikabeba glasi ya bageni, akakatala. Anasema ile nyekundu. Ile yako, wifi. Nimesikia mubaya?"

Nikamwambia amesikia vizuri.

"Lakini bantu bote banaijua ile kikombe! Itakuwa nini mukononi mwake?"

Nikampita, nikakitoa msumarini. Niko nacho hapa mapajani. Nimekisuuza mara ya pili, sijui kwa nini, ni kisafi; hakuna mtu mwingine aliyewahi kukinywea. Dumu liko wazi. Huko nje kikohozi cha mtu, halafu sauti ya msemaji wao akiuliza kama mwenyeji amepata shida.

Uwimbabazi hajaondoka. Ananitazama mimi, si kikombe. Mkono wake mmoja umepanda taratibu mpaka chini ya kifua chake, pale pale juu, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka zamani.

"Wifi," anasema. "Kwa nini anataka ile?"